Mgeni Asiyekula

"Akisema hapana?" Gaspard aliniuliza. Tulikuwa bado ndani ya gari, nje ya mkahawa wa Kwa Lambert, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu.

"Akisema hapana ni hapana. Nilimpa neno langu."

"Shami, neno kama hilo mtu analitoaje?"

Hata mimi nilikuwa najiuliza swali hilo tangu Septemba. Kwa miezi minane Mama hakutaka hata kulisikia jina la Gaspard. Nikilitaja, anafungua bomba jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Siku moja nikalifunga lile bomba. Ndipo aliposema, "Nitamwona mara moja. Moja tu, Shamina. Nikimkubali, sitafungua mdomo wangu tena. Nikimkataa, unaachana naye, na jina lake lisiingie nyumbani kwangu." Nami nilikuwa nimechoka kumficha mtu mzima wa miaka thelathini na sita kama pakiti ya sigara. Nikasema sawa. Nikaapa kwa jina la marehemu bibi yangu, na anayenijua anajua kwamba kiapo hicho sikichezei.

Msinicheke. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, mfamasia mwenye ufunguo wa duka na watu watatu chini yangu, na bado nilitaka ruhusa ya mama yangu.

"Twende," nilisema. "Baba hapendi kuchelewa."

"Ngoja kwanza." Alinishika mkono. Mikono ya Gaspard ndiyo inayowanyanyua wazee vitandani kila alfajiri. Ni mikubwa, imekauka kwa sabuni, na ikinishika huwa ninasahau nilichotaka kusema. "Shati liko bien?"

"Shati zuri. Tai imekwenda upande."

Niliinyoosha tai, kisha nikachelewa kuiachia. Jumatano ya kwanza alipoingia dukani kuchukua dawa za wazee wake, nilikuwa nimeangusha chupa nzima ya vidonge na kutukana kwa Kiswahili, nikiamini kwamba mtaa mzima wa North York hakuna anayenielewa. Yeye akainama upande wa pili wa kaunta, akaanza kuokota. "Dada," alisema, "tusi hilo kwetu Uvira wanalitumia makuli wa bandarini tu." Tangu siku hiyo nikawa napaka wanja kila Jumatano. Na sasa Jumatano zangu zote zilikuwa mikononi mwa Mama.

Kwa Lambert ni mahali pa kizamani. Weston ulikuwa mji mdogo wenye mambo yake kabla Toronto haijaumeza, na inaonekana Lambert hakupewa taarifa. Zulia jekundu, kuta za mbao, mishumaa ndani ya vikombe vyekundu, na mzee anayepiga piano Jumamosi jioni nyimbo zilezile nilizozisikia nikiwa mtoto. Ukifika huendi mezani. Unakaa kwanza baa, unaagiza chakula hapohapo, unakunywa polepole, na unaitwa mezani pale tu saladi yako ikishawekwa.

Baba alipelekwa pale na bosi wake wa kwanza mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya kuhama Kigoma, na tangu hapo kila jambo la maana katika familia yetu lazima lipitie meza ile ya kona. Nilipofaulu mtihani wa ufamasia, tulikuwa pale. Dada yangu Farhat alipomleta Alnasir kwa mara ya kwanza, alimleta palepale. Alnasir alimaliza pande lake la nyama, akaongezewa jingine, akafunga na mkate wa tufaha, na kahawa ilipofika Mama alikuwa ameshamwita "beta", yaani mwanangu. Mama haamini maneno ya mtu. Humwangalia anavyokula.

Jioni ile ya Novemba 2009 walikuwa wameshakaa kwenye viti virefu vya baa, kila mmoja na soda yake ya tangawizi yenye barafu. Baba alitupungia mkono.

"Karibu, karibu bwana! Gaspard, siyo? Mimi Bahadur. Baridi inakuonaje?"

"Jambo, Papa. Baridi inanishinda." Gaspard alitoa mkono wa kulia huku ameushika kwa wa kushoto, jinsi kwao wanavyowaheshimu wakubwa. Kisha akamgeukia Mama, akainamisha kichwa. "Jambo, Mama."

"Nice to meet you," alisema Mama.

Mama amezaliwa Kigoma. Anagombana kwa Kiswahili na kuota kwa Kiswahili. Kiingereza huwa anawatolea watu wa benki, na watu asiowataka. Nilikunywa tangawizi yangu haraka mpaka ikanipalia.

Bi Doreen, mhudumu mwenye nywele nyeupe aliyenijua tangu nikiwa na mapengo, alikuja na kijitabu chake. Baba hakungoja mtu. Aliagiza nyama ya kuoka kwa wote, "na huyu kijana mletee kile kipande kikubwa cha Lambert, cha mwanaume!"

Gaspard aligeuka akanitazama. "Tunakula?" alininong'oneza.

"Hapana, tumekuja kufua nguo."

Hakucheka. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Tulipoitwa mezani saladi zilikuwa zinatungoja, pamoja na trei ya karoti, figili na matango ya siki juu ya barafu, na kikapu cha mikate ya moto. Baba alijaza sahani yake, akamsogezea Gaspard ile trei. "Asante, Papa," alisema Gaspard, akamsogezea Mama. Mama akachukua karoti moja, akamrudishia. Yeye akanisogezea mimi. Trei ilizunguka meza mara mbili, na kwenye sahani ya Gaspard hakikuanguka hata kipande kimoja.

"Kula, bwana," alisema Baba. "Hapa hakuna ugeni."

"Asante, Papa. Niko bien."

Supu ikaja, ikaacha kutoa moshi, ikaunda utando juu. Bi Doreen aliitazama, akamtazama yeye. "Supu ina kasoro gani, mpenzi?"

"Hapana, ni nzuri sana," alijibu mtu ambaye hakuwa ameionja.

Mama alifuta mdomo ambao haukuwa na kitu. Kisha akaanza, kwa Kiingereza chake cha benki. "Wewe ni Mkristo."

"Ndiyo, Mama." Gaspard alimjibu kwa Kiswahili, macho kwenye kitambaa cha meza.

"Binti yangu siye."

"Ninajua, Mama. Sitamwomba abadilike. Na yeye hajaniomba."

"Na watoto? Watasali wapi?"

"Watajua nyumba zote mbili. Wakikua watachagua, na mimi sitakasirika."

"Unaogesha wazee."

"Ndiyo, Mama. Na jioni ninasoma unesi. Imebaki mwaka mmoja na nusu."

"Umeona?" alisema Baba, mkate mdomoni. "Kijana ana mpango."

"Nimeona nini?" Mama alihamia Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, ili mgeni asielewe. "Itazame sahani yake, Bahadur. Na kwa nini hanitazami? Mtu mwenye nia safi anaogopa nini uso wangu?"

Nilitaka kumtetea, lakini ningesema nini? Tumbo linamuuma? Ningesema hivyo, Mama angetoa dawa mkobani na kumsimamia mpaka ameze. Nikakatakata saladi yangu mpaka ikawa chakula cha sungura. Nilibadilisha mkao. Nikavuka miguu, nikaifungua. Mzee wa piano aliuanza upya wimbo alioumaliza sasa hivi, na nikatamani kwenda kumfungia kifuniko vidoleni.

Nyama ikaja. Kipande cha Lambert kilifunika sahani nzima, mchuzi wake ukitiririka mpaka kwenye kiazi kilichopasuliwa na kuwekwa siagi. Baba alipiga makofi kabisa. Gaspard aliishusha mikono yake chini ya meza.

Nilimpiga teke. "Kula," nilimwambia bila kufungua meno.

Aliniinulia macho, mara moja tu. Nayapenda macho yale. Yakinitazama pale kituo cha treni cha Weston, katikati ya watu mia wanaokimbilia nyumbani, huwa najiona peke yangu duniani. Lakini jioni ile yalikuwa yananiomba jambo ambalo sikulijua, na mtu akishakuwa na wasiwasi hujaza mwenyewe pale asipopajua. Nikajiambia kwamba amebadili nia. Hataki kuniambia, ila anataka Mama aseme hapana, aondoke akiwa mwema. Nikaweka uma wangu chini.

"Labda," alisema Mama kwa Kiingereza, polepole, "chakula chetu hakimfai."

Nikasimama. Kiti kilitoa kelele. "Gaspard, njoo unitafutie kitu kwenye koti langu."

Makoti ya Kwa Lambert hutundikwa kwenye ujia mwembamba kati ya baa na msalani. Nilimvuta mpaka mwisho, nyuma ya makoti ya manyoya ya vikongwe.

"Una nini wewe?"

"Shami, pole."

"Sitaki pole. Kama hunitaki, niambie mimi. Usimtumie mama yangu."

Uso ulimbadilika. "Nani amesema sikutaki?"

"Sahani yako! Saa nzima mama yangu anakuwekea chakula na wewe unakitazama kama kimetiwa sumu. Unajua nimeapa nini? Akisema hapana, kesho mimi na wewe hatujuani. Nimekuambia hivyo ndani ya gari. Hukusikia?"

"Nilisikia." Aliegemea ukuta. "Shami, kwetu mwanaume hali mbele ya mama mukwe."

"Nini?"

"Hali. Soda sawa, maji sawa. Lakini kufungua mdomo na kutafuna mbele ya mama aliyemzaa mke wako, ni haya kubwa sana. Baba yangu aliishi lupango moja, kiwanja kimoja, na mama ya mama yangu, miaka ishirini na mbili. Bibi hakuwahi kumwona akitafuna, mpaka alipokufa. Njo heshima tuliyo nayo. Hatuna kubwa kupita hiyo."

Nilimtazama. Ndani, piano ilikuwa inaendelea kunitafuta ubaya.

"Na kumtazama usoni?"

"Hata hiyo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia tunakuja kuwasalimia! Nilifikiri soda, maneno kidogo, na kwaheri. Kwetu chakula cha wakwe kina siku yake, na wanaume wanakaa mbali."

"Gaspard, sisi hatujui kusalimiana bila kula!" Nilijikuta nacheka, na machozi yananitoka humohumo. "Basi leo tu. Kipande kimoja. Mungu ataelewa."

"Nimejaribu. Nilishika uma chini ya meza. Mkono unakataa."

"Basi nitamwambia mimi."

"Hapana!" Alinishika mabega yote mawili. "Utamwambia nini? Kwamba hajanikubali bado, na mimi nimeshamuita mukwe? Mtu haingii nyumbani kabla hajafunguliwa. Itakuwa dharau juu ya dharau."

"Kwa hiyo tukae tu, akukatae?"

Kidole chake kikanifuta wanja uliokuwa umenitiririka. "Akinikataa kwa sababu nimemheshimu, nitalia mwaka mzima, chérie. Lakini nikimvunjia heshima ili anikubali, nitakutazama vipi wewe?"

Nilitaka kumzaba kibao, na nilitaka kumbusu. Nilifanya la pili, haraka, katikati ya manyoya yaliyonuka dawa ya nondo. Midomo yake ilikuwa ya baridi, njaa imemkausha. Mtu alikuwa amefanya zamu nzima tangu alfajiri, halafu amekaa saa nzima mbele ya nyama ya moto.

Tuliporudi mezani, Mama alikuwa amevaa glavu. Mkoba uko mapajani. Baba alikuwa anatafuna polepole, macho chini, na hapo nikajua wameshazungumza na ameshindwa, kama kawaida yake.

"Kaa, Shamina," alisema Mama. "Unalikumbuka neno lako?"

"Mummy, ngoja kidogo."

"Nimengoja. Nimemwangalia vizuri, Mungu shahidi. Mtu asiyeweza kugusa hata mkate wa meza yetu, ataishije na sisi? Nimemwona mara moja, kama nilivyosema. Jibu langu ni..."

Gaspard alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono imeshika mgongo wa kiti, vidole vimekakamaa. Alikuwa tayari kabisa kunipoteza kwa adabu. Mimi adabu hiyo sikujaliwa.

"Hali kwa sababu yako!" Nilisema kwa Kiswahili, na kwa sauti iliyomfanya mzee wa piano akose noti. "Mummy, kwao mwanaume hatafuni mbele ya mama mkwe wake. Ni mwiko. Tangu mchana hajala, anakufa na njaa, na hawezi. Si kwamba anatudharau. Wewe, wewe ndiye unayemzuia!"

"Shami," alisema Gaspard kwa sauti ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Ala!" Baba aliangusha uma akaanza kucheka. "Bahati yake huyu! Mimi bibi yako mzaa mama alinilisha mpaka nikaugua!"

Mama hakucheka. Alivua glavu moja, akailaza juu ya meza. Akamtazama Gaspard kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza jioni ile akafungua mdomo kwa Kiswahili.

"Ni kweli anayosema?"

"Ni kweli, Mama."

"Kwa hiyo umekuja hapa umeshanifanya mkwe wako. Mimi sijasema kitu, sijakujua, wewe umeshaniweka."

"Pole, Mama. Nilijaribu kukuona mama wa mtu mwingine tu. Nimeshindwa."

Bi Doreen alikuja kwa miguu yake myepesi, akanyoosha mkono kuiondoa ile nyama. "Hii imeshindikana, eh?"

Mama aliweka kiganja juu ya ukingo wa sahani. "Iache," alisema.

Kisha akasimama.

Nilijua anaondoka. Anaondoka bila hata kumalizia jibu lake, na mimi nimebaki na kiapo changu. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Gaspard tukiwa garini, na sikuyapata, kwa sababu hakuna maneno ya kumwambia mtu kwamba uliapa kumwacha hata kabla hajafika. Niliishika kona ya kitambaa cha meza, nikaisokota.

Mama alishika kiti chake kwa mikono miwili. Akakivuta nyuma. Kiti cha Kwa Lambert ni kizito, na Mama ana magoti mabaya, lakini Baba alipoinuka kumsaidia alimfukuza kwa jicho. Akakigeuza kile kiti, nusu kwa kukiinua na nusu kwa kukiburuta juu ya zulia jekundu, mpaka kikaangalia ukuta. Akakaa. Tukabaki tunautazama mgongo wake, kitambaa chake cha shingo, na kishungi cha nywele alichokuwa amekibana vizuri kwa ajili ya kumkataa mtu.

Meza nzima ya jirani iliacha kula ikamtazama.

"Kigoma tulikuwa na fundi cherehani barazani kwa baba yangu," Mama aliuambia ukuta wa mbao. "Mama mkwe wake akipita pale mchana, alikuwa anageuza uso upande wa pili wa barabara. Kila siku. Mimi nilikuwa mtoto, nilidhani yule bibi ana kiburi. Kumbe alikuwa anampisha ale."

"Mummy," nilisema.

"Mwambie akae. Nyama inapoa. Bahadur, geuka na wewe."

"Mimi? Mimi ni baba mkwe tu!"

"Geuka."

Baba aligeuka, sahani yake mapajani.

Gaspard alikaa. Alipochukua kisu kiligonga sahani, na mabega ya Mama yakashtuka lakini hayakugeuka. Alikata kipande. Akanitazama mimi, mtu pekee aliyebaki akimtazama, na macho yake yalikuwa yamejaa.

"Kula," nilimwambia.

Akala. Alitafuna polepole sana, mdomo umefungwa, machozi yakimshuka mpaka kwenye ile tai niliyoinyoosha, na sikuwahi kumpenda mtu duniani kama nilivyompenda yeye na mchuzi wake kidevuni.

"Anakula?" aliuliza Mama.

"Anakula, Mummy."

"Vizuri?"

"Vizuri."

Mama aliitikia kwa kichwa, kwa ule ukuta. Nikaona mkono wake wenye glavu ukipanda kufuta kitu usoni, ukashuka.

"Basi Jumapili aje nyumbani," alisema. "Nitapika mimi. Nitakaa jikoni mpaka amalize."